Jioni Moja kwa Wiki: Kupanga Chakula cha Familia Katika Nyumba Zenye Shughuli Nyingi

*Hii ni mada iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika za Kibondo na Kasulu, pamoja na wageni kutoka kwa wafadhili. Tunaichapisha kwa ukamilifu kwa kuwa wajumbe wengi waliomba nakala.*



Mmetuzoea tukisimama hapa kuzungumzia visima, mizinga ya nyuki, mbegu za mihogo na vikundi vya hisa. Leo tumekuja na jambo ambalo halina fundi, halina zabuni, wala halina fungu katika bajeti. Tunataka kuzungumza juu ya chakula cha jioni. Si cha kila siku, bali cha jioni moja tu kwa wiki, ambapo watu wote wa nyumba moja wanakula pamoja. Huenda wengine wanajiuliza jambo hili limeingiaje katika ofisi ya miradi. Hatuna budi kukiri kwamba limeingia kupitia nyumbani kwetu wenyewe.

Jinsi lilivyoanza

Kazi yetu ni ya barabarani. Wiki hii tuko Kibondo, wiki ijayo tuko vijiji vya Kasulu, na mara nyingi tunafika nyumbani watoto wamekwisha kulala. Njaa haikuwepo nyumbani, tunamshukuru Mungu. Lakini kila mtu alikula kwa saa yake. Mdogo alikula akitoka shule, mkubwa baada ya masomo ya ziada, bibi yao mapema kwa sababu ya dawa, na sisi wazazi tulikula kilichofunikwa, kila mmoja kwa wakati wake.

Siku moja gari la ofisi lilikuwa gereji na mvua ilikuwa kubwa, basi tukajikuta wote tuko ndani saa moja jioni. Tukala pamoja. Baada ya kula tukamwomba binti yetu, aliyekuwa darasa la tano, atusomee neno la jioni. Akaishika Biblia karibu kabisa na pua. Tulidhani anacheza, tukamkemea. Kumbe hakuwa anacheza. Tangu mwanzo wa muhula alikuwa haoni ubaoni. Alikuwa akinakili kutoka kwa mwenzake wa dawati, na zile alama za chini tulizokuwa tukimgombeza kwazo zilitokana na hilo. Barua ya mwalimu ilikuwa ndani ya begi lake kwa majuma matatu. Aliogopa kuitoa, na hakupata wakati ambao baba na mama wamekaa chini ili aitoe.

Leo mtoto huyo ana miwani na anasoma vizuri. Lakini tulijiuliza: imekuwaje miezi ipite ndani ya nyumba yenye watu wazima watatu, wawili kati yao wasomi, bila mtu kuona? Jibu lilituaibisha. Katika wiki nzima hapakuwa na hata saa moja ambapo watu wote wa nyumba ile walikuwa mahali pamoja.

Kutawanyika kwetu hakukuanza leo

Tulipoanza kuuliza katika sharika, tuliona kwamba hali hii si ya nyumba yetu pekee, na tena ina historia ndefu. Wazee waliopo hapa wanajua habari za manamba. Mwaka 1944 waajiri wa mashamba ya mkonge walianzisha chombo cha kutafuta vibarua kilichoitwa SILABU, na Kigoma, Kasulu na Kibondo zilikuwa miongoni mwa sehemu walikotolewa watu wengi. Baba alipanda treni kwenda Tanga au Morogoro, akakaa miezi au miaka. Baadaye, mwaka 1972, ikaja Operesheni Kigoma. Kaya zilizokuwa zimetawanyika katika migomba na mashamba yake zikahamishiwa vijijini, na kwa familia nyingi shamba likawa mbali na nyumba. Mwaka 1993 wakimbizi kutoka Burundi waliingia kwa wingi, na tena mwaka 2015, mwaka ambao kambi ya Nduta ilifunguliwa upya. Vijana wetu wengi walipata ajira na biashara kwa sababu ya kambi hizo, wakaanza kuishi kwa ratiba za magari ya mashirika. Katika miaka ya 2000 zikajengwa shule za sekondari za kata, jambo jema sana, lakini wanafunzi wengi wanatembea mwendo mrefu au wanapanga vyumba karibu na shule. Siku hizi iko pia bodaboda, ambayo dereva wake anajua saa ya kuondoka lakini hajui ya kurudi.

Wakati wa manamba, mama alijua baba hayupo. Alipanga maisha ya nyumba akijua hivyo. Siku hizi watu wote wanalala chini ya bati moja, kwa hiyo tunadhani tuko pamoja, kumbe hatuonani.

Kuna na jambo la jua ambalo wageni wetu huenda hawajaligundua. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini sisi tuko magharibi kabisa. Huku jua linazama karibu saa moja jioni, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Vivyo hivyo linachelewa kuchomoza asubuhi. Mtoto anayetakiwa shuleni mapema anaondoka nyumbani kungali giza, na mkulima anabaki shambani hadi mwanga uishe. Kwa hiyo asubuhi haifai kwa kukutana, na jioni yetu ni fupi. Tukichelewa kidogo kuanza kupika, watoto wadogo wanalala kabla chakula hakijaiva.

Kosa letu la kwanza

Baada ya lile la binti yetu, tulikimbilia kufanya semina. Tukawaambia akina mama wa sharika mbili kwamba kuanzia sasa kila Ijumaa jioni familia zile pamoja, chakula kiwe cha makundi yote, na baada ya kula kuwe na maombi. Tuliona tumefanya kazi nzuri. Tuliporudi baada ya miezi miwili, karibu nyumba zote zilikuwa zimeacha.

Mama mmoja wa Kibondo alisimama akatuambia kwa upole, "Baba, mmetuongezea kazi, mkaipa jina zuri." Akaeleza. Ijumaa ilikuwa usiku wa kuamkia gulio la kijiji chao. Jioni hiyo yeye alikuwa anafunga mizigo ya ndizi, mume wake anabeba abiria wa mwisho, na kijana wao wa kidato cha tatu bado hajafika kutoka chumbani kwake karibu na shule. Yeye ndiye aliyechota maji, akatafuta kuni, akapika vyakula vitatu badala ya kimoja, akangoja, na mwishowe akala na watoto wawili wadogo waliokuwa wanasinzia. Wiki ya tatu akaacha. Tunasema mbele yenu kwamba alifanya sawa.

Mama huyo alitufundisha mambo mawili. Kwanza, siku haiwezi kuamriwa na ofisi, wala haiwezi kuwa ileile kila wiki, kwa sababu wiki zetu hazifanani. Pili, chakula cha familia kinachopangwa na kupikwa na mtu mmoja si chakula cha familia. Ni zamu nyingine ya mama.

Hatua tano za kupanga

Tukakaa na familia chache zilizokubali kujaribu pamoja nasi, Kibondo na Kasulu, na nyumba yetu ikiwa mojawapo. Haya ndiyo tuliyoyaona yanafaa.

*1. Kikao kifupi cha Jumapili.* Baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika, familia inakaa dakika kumi. Kila mmoja, hata mtoto, anasema wiki yake ikoje: nani ana zamu, nani ana mtihani, gulio ni lini, kikundi cha hisa kinakaa lini, shamba gani linalimwa. Yanaandikwa kwa makaa au kalamu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, iliyogawanywa mistari saba. Asiyejua kusoma achorewe jembe, kikapu au pikipiki. Bibi yetu hasomi, lakini ndiye anayeisimamia kalenda ile kuliko wote.

*2. Jioni ya kwanza na jioni ya akiba.* Familia inatazama mistari yote na kuchagua jioni ambayo wengi watakuwepo. Halafu inachagua jioni ya pili, ya akiba. Hii ni muhimu sana, kwa sababu kwetu mipango huvunjwa na msiba, mvua, mgonjwa au gari kuharibika. Jioni ya kwanza ikivunjika, hakuna kulaumiana, tunahamia ya akiba. Zikivunjika zote mbili, tunakunywa uji pamoja Jumapili. Familia zilizokuwa na jioni moja tu ziliacha mapema, na zilizokuwa na mbili ziliendelea.

*3. Chakula kianzie ghalani.* Usianze na kile unachotamani kupika, anza na kile ulicho nacho. Mama au baba anasema: kuna muhogo, kuna maharage, hakuna mafuta. Kinachopungukiwa kinanunuliwa siku ya gulio, si jioni yenyewe, ambapo duka la jirani lina bei ya juu. Mpango si matumizi, lakini matumizi yasiyo na mpango tunayajua sote.

*4. Kazi zigawanywe kwa majina.* Nani anachota maji, nani analeta kuni, nani anachambua maharage na kuyaloweka usiku uliotangulia, nani anapika ugali, nani anaosha vyombo. Majina yaandikwe kwenye kalenda, na ya wanaume yawemo. Tuliona baba mmoja wa Kasulu, mzee wa kanisa, akiosha sufuria mbele ya wajukuu wake. Majirani walicheka majuma mawili. La tatu walinyamaza.

*5. Hakuna kesi mezani.* Jioni hiyo si mahakama. Ripoti ya shule yenye alama mbaya, deni, ugomvi wa mipaka, vyote vina wakati wake. Mezani kila mtu anaulizwa jambo moja jema na jambo moja gumu la wiki, na anasikilizwa bila kukatizwa. Simu zinawekwa pembeni. Laiti tungekuwa na utaratibu huu mapema, barua ile ya mwalimu isingekaa begini majuma matatu.

Kwa wanaochelewa: kapu la joto

Watu wengi hutuuliza, je, huyu anayefika saa mbili na nusu? Hapa tunawashauri kutumia kapu la joto. Chukua kapu kubwa au boksi, lijaze majani makavu ya migomba pembeni na chini, acha nafasi ya sufuria katikati, na uwe na blanketi kuukuu la kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yachemshwe barabara kwa nusu saa, sufuria ifunikwe vizuri na kuwekwa kapuni mara moja bila kufunuliwa. Yataendelea kuiva yenyewe kwa saa kadhaa bila kuni. Kabla ya kula yachemshwe tena kidogo. Mama anaweza kuyaweka kapuni mchana, akaenda shamba, na akirudi jioni imebaki kazi ya ugali na mboga. Kuni zinapungua, na anayechelewa anakuta chakula cha moto. Lakini chakula kisilale kapuni hadi kesho yake, kwa sababu kitaharibika.

Kupanga kwa kufuata majira

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, kwa miaka mingi ilitufundisha makundi matano ya chakula: nafaka, mizizi na ndizi, mikunde na vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta na sukari kwa kiasi. Huku kwetu makundi hayo yote yapo, ila hayaji kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mpango wa jioni ufuate msimu.

Oktoba hadi Desemba mvua zinaanza, kila mtu yuko shambani anapanda, na ghala linapungua. Jioni ya familia iwe nyepesi: ugali wa muhogo uliochanganywa na mahindi, na kisamvu kilichotwangwa asubuhi, kikachemshwa vizuri na kuungwa kwa karanga au mawese. Maembe yanaanza kuiva, basi hayo ndiyo matunda. Januari na Februari mvua hupungua kidogo, maharage ya msimu wa kwanza yanavunwa, na mahindi mabichi na majani ya maboga yako karibu. Ni majira ya chakula rahisi kupika, na watoto wanakipenda. Machi hadi Mei ni mahindi, na Mei na Juni yanafuata maharage ya msimu wa pili. Juni hadi Septemba ni kiangazi. Mboga zinatoka mabondeni, viazi vitamu na ndizi vipo, wanafunzi wako likizo mwezi Juni, na waliopanga vyumba karibu na shule wanarudi. Familia ikishindwa miezi mingine yote, isishindwe Juni.

Kuhusu dagaa wa Ziwa Tanganyika, wavuvi huwavua usiku kwa taa. Usiku wa mbalamwezi taa hazifanyi kazi, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Basi mwenye kalenda atazame mwezi: dagaa wanunuliwe wakati wa giza, wakaushwe na kuwekwa. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Waliokuwa wameweka akiba ya dagaa wakavu hawakutaabika sana.

Kuhusu mawese, tusiyachome mpaka rangi nyekundu ipotee. Rangi ile ndiyo yenye vitamini A. Mkoa wetu umebarikiwa mafuta haya, lakini faida yake tunaiteketeza wenyewe jikoni.

Na mtoto mdogo apewe sahani yake. Katika sinia la pamoja mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba, na wa miaka miwili si yeye. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania walikuwa wamedumaa, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30. Tumepiga hatua, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Mlo mmoja kwa wiki hautaondoa udumavu, na hatutaki mfadhili yeyote aandike kwamba tumesema hivyo. Ila jioni hiyo baba anaona kwa macho yake mtoto anakula kiasi gani. Katika nyumba nyingi baba hutengewa chake sebuleni, hivyo jambo hilo hajawahi kuliona.

Nyumba isiyo na kitu cha kupanga

Mwinjilisti mmoja alituuliza swali gumu: mnazungumza kupanga, je, kwa mwenye ghala tupu? Hatuna jibu jepesi. Kuna kaya ambazo kati ya Novemba na Januari zinakula mara moja kwa siku. Kuwapa kalenda watu wenye njaa ni kuwadhihaki, na wanahitaji kwanza msaada wa usharika.

Lakini ziko kaya nyingi zaidi ambazo zilivuna, zikauza karibu zote mwezi Juni bei ikiwa chini, na Desemba zikanunua mahindi yaleyale kwa bei ya juu. Kwao tulifanya hesabu hii. Familia ya watu saba inahitaji kama kilo moja na nusu ya unga na kilo moja ya maharage kwa jioni yao moja. Kwa wiki 52 ni kilo 78 za unga na kilo 52 za maharage, yaani takribani madebe manne hadi matano ya mahindi na yasiyozidi matatu ya maharage. Tukawaomba wayatenge siku ya mavuno, kabla mnunuzi hajafika, wayahifadhi katika mifuko ya tabaka tatu inayozuia wadudu, na wayaite madebe ya meza. Hayauzwi, hayakopeshwi. Wale waliofanya hivyo walituambia kwamba mwezi Desemba walipunguza milo mingine, lakini jioni ile hawakuikosa. Akiba haiozi.

Tulipotazama ratiba zetu wenyewe

Sasa tunafika kwenye jambo lililotuleta hasa, na tunaomba mtusikilize kwa uvumilivu.

Tulipokusanya kalenda zile za ukutani, tulitafuta nini kinazitawanya familia jioni. Tulitarajia kuona vilabu vya pombe, bodaboda na biashara. Vilikuwepo. Lakini katika kalenda ya mama mmoja wa Kasulu, Mkristo hodari, tulikuta jioni tano zimejaa: kwaya mara mbili, ibada ya nyumba kwa nyumba, umoja wa wanawake, na kikundi cha hisa, ambacho ni mradi wetu sisi. Mume wake alikuwa na kamati ya ujenzi na baraza la wazee. Kijana wao alikuwa na kwaya ya vijana. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni mbaya. Kila moja ilipangwa na watu wema kwa nia njema. Ila hakuna aliyezijumlisha. Sisi tunaohubiri familia ndio tulioijaza kalenda ya familia.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliweka sala za kabla na baada ya kula, akikusudia zisemwe na watu wa nyumba mezani. Aliiona meza kuwa mahali pa mafundisho. Nasi tumewaita watu kutoka mezani kuja kufundishwa.

Majirani zetu Waislamu wanatuonyesha kwamba inawezekana. Mwezi wa Ramadhani ukifika, mfanyabiashara, dereva na mwanafunzi wote wanajitahidi kuwahi futari. Shughuli hazijapungua, ila jamii nzima imekubaliana kwamba saa ile haiguswi. Mtu mmoja peke yake hawezi kuilinda jioni yake. Anahitaji wenzake wailinde pamoja naye.

Maombi yetu

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo matatu. Kila usharika ukae na wakuu wa vikundi vyote, uweke ratiba zote kwenye karatasi moja, na uzijumlishe. Pili, uchague jioni mbili kwa wiki ambazo hakutakuwa na kikao, mazoezi wala ibada baada ya jua kuzama, ili familia zipate jioni ya kwanza na jioni ya akiba. Jioni hizo zichaguliwe na sharika zenyewe kwa kutazama magulio yao, si ofisi yetu. Tatu, katika msimu wa kupanda, vikundi vikutane mara moja kwa majuma mawili.

Tunajua ugumu wake. Mwalimu wa kwaya mmoja ametuambia wazi kwamba akipoteza jioni moja hatakuwa tayari kwa tamasha. Hatukumshawishi, na hatudai kwamba ana makosa. Tunaomba tu usharika ulipime jambo hilo mbele ya wote badala ya kuwaachia akina mama walibebe kimya kimya.

Kwa ndugu zetu wafadhili, hatuombi fedha kwa ajili ya jambo hili. Tunaomba msafara wa wageni na semina visipangwe Oktoba na Novemba watu wanapopanda, na mafunzo yaishe saa tisa alasiri ili watu wafike nyumbani kungali mwanga. Na mnapopokea taarifa yetu, msishangae mkiona idadi ya vikao imepungua. Tumezoea kuhesabu vikao kama mafanikio. Kuanzia sasa tutakuwa tunavipunguza kwa makusudi, na tunaomba mtuelewe.

Kwa upande wetu, ofisi ya miradi imeanza. Vikundi vyote vya hisa tunavyovisimamia sasa vinakaa mchana, na magari yetu hayaondoki Kibondo kurudi Kasulu baada ya saa tisa. Kalenda yetu ya nyumbani iko ukutani. Wiki hii jioni ya kwanza ni Jumatano, ya akiba ni Jumamosi. Sisi tumepangiwa kuosha vyombo, na binti yetu atasoma neno.

Tukitoka hapa, tunaomba kila mjumbe afanye jambo moja tu kabla ya kikao kijacho. Aigeuze kalenda ya mwaka jana, achore mistari saba, na awaulize watu wa nyumba yake wiki yao ikoje. Halafu atuletee kalenda hiyo, tuzitazame pamoja.